Mlinzi wa Masweta

Hotuba kwa walimu wa michezo wa shule za msingi na wazazi, mjini Moshi

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango kama mnaosubiri basi la Arusha: shimboni, habari zenu. Itifaki iliyobaki naomba tuhesabu imezingatiwa. Nimepewa nusu saa, na mkalimani wetu wa lugha ya alama ameniomba nisikimbie. Mwalimu, nikianza kukimbia nipungie, usinionee haya.

Nilipoanza kufundisha michezo nilikuwa na mlinzi wa masweta.

Walimu wa Moshi mnajua ninachosema. Juni na Julai watoto wanakuja asubuhi wamejikunyata, mlima umejifunika, mvuke unawatoka midomoni. Kufika saa nne jua limechomoza, kipindi cha michezo kimeanza, masweta yanavuliwa na kurushwa pembeni ya uwanja. Lazima awepo wa kuyalinda, la sivyo mawili yatapotea na kesho yake utapokea mzazi. Mimi nilikuwa na mtoto wa darasa la nne, mguu wake mmoja ulipooza akiwa mdogo, anatembelea gongo. Nikamwambia, "Wewe kaa hapa kivulini usije ukachoka, tulinzie masweta." Nilisema kwa upole. Nikajiona mwalimu mwema. Alilinda masweta yale miaka minne, hadi akamaliza la saba.

Miaka mingi baadaye nikakutana naye hapa mjini, ana kibanda cha kutengeneza simu. Tukacheka, tukakumbushana. Halafu akaniambia, wala hakuwa na hasira, "Mwalimu, mpira siujui, lakini masweta nayajua. Nilikuwa nafumba macho nanusa tu. Hili la fulani, kwao wanapikia kuni. Hili la fulani, kwao wana ng'ombe."

Nilirudi nyumbani siku ile sikula.

Nimeanza na huyo kijana kwa sababu hakuna aliyemkataza kucheza. Hapakuwa na tangazo ubaoni, hapakuwa na mtu mbaya. Aliyemkalisha pale ni mimi, na nilimkalisha kwa huruma. Msinitazame hivyo, na ninyi mnao wenu. Kuna mtoto anayehesabu magoli kila wiki tangu muhula uanze. Kuna muokota mipira wa kudumu. Kuna yule anayebaki darasani "kupumzika", na hajafanya lolote la kumchosha tangu asubuhi.

Upande wa sheria nitapita haraka, maana mkitaka vifungu mtavipata. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, Tanzania ikauridhia mwaka 2009, na ibara yake ya 30 inataja michezo waziwazi: watoto wenye ulemavu washiriki sawa na wenzao, na hapo imeongezwa kwamba ni pamoja na michezo ya shuleni. Mwaka 2010 tukatunga Sheria yetu wenyewe ya Watu wenye Ulemavu. Shirika la Afya Duniani nalo, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020, likaandika kwa mara ya kwanza kiwango cha mazoezi kwa watu wenye ulemavu, na ni kilekile cha wengine: mtoto wastani wa dakika 60 kwa siku, mtu mzima dakika 150 mpaka 300 kwa wiki. Mlinzi wangu wa masweta nilimpa sifuri, miaka minne mfululizo.

Sasa mlima.

Nikisimama hapa nauona kupitia dirisha lile, na leo umetoka vizuri. Kilimanjaro, mita 5,895. Erik Weihenmayer, Mmarekani asiyeona, alifika kileleni mwaka 1997. Mwaka 2003 Bernard Goosen wa Afrika Kusini, mwenye mtindio wa ubongo, alifika kwa kiti mwendo, na mwaka 2007 akarudi tena. Mwaka 2012 akapanda Spencer West, mtu asiye na miguu, sehemu kubwa ya njia anatembelea viganja vya mikono. Nawapa heshima yao wote. Lakini mimi kila nikisikia habari hizi nauliza swali moja: walipanda na nani?

Hakuna mgeni anayepanda mlima ule bila waongozaji na wapagazi. Ni vijana wa Marangu, wa Machame, wa Pasua, wa Majengo. Ni watoto wetu, tumewafundisha sisi kusoma. Katika mji huu wapo watu wanaojua wapi kiti kisukumwe, wapi kivutwe kwa kamba, wapi kibebwe na wangapi, na wapi ni bora mtu ashuke atambae mwenyewe. Kwa hiyo tusije tukaandika kwenye ripoti kwamba "utaalamu haupo". Utaalamu wa kumfikisha mtu asiye na miguu kwenye kilele cha Uhuru uko Moshi, na tunaukodisha kwa dola. Kilichotushinda ni kumvusha mtoto wa Pasua mtaro wa maji wenye upana wa mita moja na nusu, ulio kati ya darasa lake na uwanja wa shule yake.

Na hizo habari za kileleni zisituponze. Sitaki mtoto apande Kilimanjaro kwanza ndipo aonekane anastahili kucheza rede. Wengi wa watoto ninaowasema hapa hawatakuwa mabingwa wa chochote. Lakini hata hao wenye miguu miwili wengi wao hawatakuwa mabingwa wa chochote, mbona hatujawakalisha kivulini?

Tuje kwenye kazi. Nitakaa zaidi kwenye mpira wenye sauti, kwa sababu umenitesa.

Watoto wasioona wana mchezo wao unaochezwa duniani kote, sisi tunauita mpira wa goli. Uliundwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopofuka kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Timu ina wachezaji watatu, wote wamefunikwa macho kabisa, hata anayeona kidogo, ili wawe sawa. Uwanja una urefu wa mita 18 na upana wa mita 9, na goli limechukua upana wote huo wa mita 9. Mpira una kengele ndani na uzito wa kilo moja na robo. Unaubingirisha kwa nguvu, wenzako upande wa pili wanausikiliza na kujilaza chini kuuzuia. Mistari ya uwanja ni kamba nyembamba iliyobandikwa sakafuni, mchezaji anaipapasa kwa mguu au kidole akajua yupo wapi. Watazamaji wanatakiwa kunyamaza kimya mpaka goli lifungwe. Mchezo gani mwingine unajua ambao mashabiki wa Yanga na Simba wanaweza kukaa pamoja bila kugombana?

Mpira wenyewe unaagizwa nje. Sisi tulianza na ujanja wa zamani, unachukua mpira wa kawaida unauvisha mfuko wa rambo, ukibingirika unachakarika, mtoto anausikia. Ukafanya kazi vizuri mpaka Juni 2019 mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku, na sawa kabisa, mitaro yetu ilikuwa imeziba. Ila hakuna aliyefikiria mpira wangu.

Nikaenda Mbuyuni kwa fundi viatu. Nilimpelekea mpira wa wavu uliochakaa na njuga sita, hizi hizi wanazofunga wacheza ngoma miguuni. Akafumua mshono mmoja, akatoa bleda, akauliza, "Mama, mpira bila upepo utadundaje?" Nikamwambia sihitaji udunde, nataka ubingirike na kupiga kelele. Akajaza vitambaa, akatia njuga katikati, akashona. Tukaubingirisha sakafuni pale kibandani. Kimya. Njuga zilikuwa zimekabwa na vitambaa, hazina pa kuchezea. Akakuna kichwa. Akaingia ndani, akatoka na kopo la plastiki la vidonge, akalitoboa matundu kwa msumari wa moto, akatia njuga nne tu ndani ya kopo ili zipate nafasi, akalizungushia sponji ya godoro kuukuu, akashona tena. Safari hii ulipobingirika, muuza nyanya wa jirani aligeuka kuangalia ngoma inatokea wapi.

Tunao mipira mitatu ya namna hiyo sasa. Haifanani na ile ya kimataifa, ni mepesi na baada ya muhula mmoja sponji inashuka upande mmoja, mpira unaanza kupepesuka kama mlevi. Tunarudi kwa fundi. Mistari tunatumia kamba ya mkonge iliyochomekewa vigingi vifupi kwenye nyasi, maana sakafu ya mbao hatuna, na sehemu ya kujilaza tunatandika mikeka. Kwenye uwanja wa changarawe msijaribu, mtachubua watoto.

Jambo nililolipenda kuliko yote ni hili. Siku tuliyowaingiza wanaoona kwenye mchezo ule, kila mmoja na kitambaa chake machoni, kinara wa shule kwa mbio alikuwa anapapasa kama kuku aliyefungiwa jikoni usiku. Msichana mmoja asiyeona, ambaye siku zote huongozwa kwa kushikwa mkono, ndiye aliyekuwa anawapanga: "Wewe sogea kushoto. Inama. Mpira unakuja kwako." Hakuna aliyemwambia awe kiongozi. Alikuwa anajua mchezo, wenzake hawajui.

Rede tumeibadilisha hivi. Anayetumia kiti mwendo anakuwa mrushaji, na anapoingia katikati kukwepa, mpira ukigonga kiti haihesabiwi, ukimgonga yeye ndiyo katoka. Chupa ya kujazia mchanga tunaiweka juu ya kiti cha darasani badala ya chini. Haya hayakutoka kwenye kitabu. Waliyapanga watoto wenyewe baada ya ugomvi wa kama robo saa hivi, na ugomvi huo nauhesabu kuwa sehemu ya kipindi. Mwalimu ukikimbilia kuamua kila kitu, utapata sheria nzuri ambazo hakuna anayezifuata.

Kwa watoto viziwi kazi ni ndogo mno hata naona aibu kuisema. Filimbi hawaisikii. Mwamuzi ashike bendera au kitambaa chekundu, akipuliza filimbi apunge na kitambaa. Hilo tu. Na bado nimeshuhudia mashindano ambako mtoto kiziwi alipewa onyo kwa "kuendelea kucheza baada ya filimbi".

Watoto wenye ulemavu wa akili wanataka kanuni moja kwa wakati mmoja. Ukisema, "Kimbia mpaka kwenye koni, zunguka, chukua mpira, umpe mwenzako, urudi," umempoteza kwenye koni. Mwonyeshe, usimhutubie. Mpangie mwenzake acheze naye bega kwa bega, na huyo mwenzake mwonye kwamba hakuja kumsaidia, amekuja kucheza.

Kukimbia kwa asiyeona kunahitaji kamba ya kiatu na mtu mwenye pumzi. Kila mmoja anashika ncha moja, mikono inakwenda pamoja, na kiongozi anazungumza muda wote: kona, shimo, tutapanda kidogo. Kiongozi asipokuwa fiti kumzidi mkimbiaji, ni balaa. Mwaka 2000 kule Sydney, Mkenya Henry Wanyoike alikuwa anaongoza fainali ya mita 5,000 ya wasioona, kiongozi wake akaishiwa nguvu njiani kwa sababu alikuwa ametoka kuugua. Wanyoike, yeye asiyeona, akamkokota mwenziwe mpaka kwenye utepe na akachukua dhahabu. Mimi nilikokotwa hivyohivyo na binti wa darasa la sita, mzunguko wa pili tu. Yeye hakupewa medali, na mimi nililala na mafuta ya kuchua.

Na wale wa magongo? Hapa wanangu wa nyuma mnaopenda mpira mtaamka. Nchi hii ina Tembo Warriors, timu ya taifa ya soka la watu waliokatwa viungo. Wachezaji saba kila upande, wa ndani wanacheza kwa mguu mmoja na magongo mawili, kipa ana mkono mmoja. Ukiugusa mpira kwa gongo makusudi ni faulo, sawa na kuunawa. Mwaka 2021 walifuzu hapahapa nyumbani, Dar es Salaam, mwaka 2022 wakaenda Kombe la Dunia Uturuki na kufika robo fainali. Waulizeni vijana wenu wa shule kama wanamjua hata mchezaji mmoja wa timu hiyo. Mlinzi wangu wa masweta alikuwa na gongo mkononi miaka minne yote ile, na mimi mwalimu wake sikujua kwamba gongo ni kifaa cha mpira.

Naomba nizungumze kidogo na watu wazima, kwa sababu si kila mara mtu anazaliwa na ulemavu. Humu Kilimanjaro nani hamjui mtu aliyeanguka mtini akikata majani ya ng'ombe? Au kijana wa bodaboda aliyevunjika uti wa mgongo? Anatoka hospitali na kiti, anafikishwa nyumbani, anawekwa barazani. Anaamkia barazani, anakula barazani, anashindia barazani. Zamani watu hawa walikuwa wanakufa mapema, wengi kwa vidonda vya mgandamizo na maambukizi ya figo. Daktari mmoja, Ludwig Guttmann, alikataa jambo hilo. Tarehe 29 Julai 1948, siku Olimpiki ya London inafunguliwa, yeye aliwatoa nje ya hospitali ya Stoke Mandeville majeruhi 16, wanaume na wanawake, wote kwenye viti, wakashindana kurusha mishale. Hiyo ndiyo mbegu ya Paralimpiki, ambayo ya kwanza ilifanyika Roma mwaka 1960. Ilianzia kwenye bustani ya hospitali, kwa mtu aliyechoka kuona wagonjwa wake wakiwekwa barazani.

Basi yule ndugu yako wa barazani mpe chupa mbili za maji za lita moja na nusu, zijaze mchanga, anyanyue. Mfundishe kujiinua kwa mikono kutoka kwenye kiti kila baada ya muda, ni zoezi na ni kinga ya vidonda. Barabara yenu ikiwa na mteremko mkali, msukumeni mpaka tambarare halafu mwacheni asukume mwenyewe. Na kiti kikiharibika tusikitupe bandani. Hapo hospitali ya KCMC kipo chuo cha TATCOT, tangu mwaka 1981 kinafundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi, wanafunzi wanatoka nchi nyingi za Afrika kuja kusoma Moshi. Sisi tunakipita na daladala.

Daladala nayo ina maneno yake. Mzazi mmoja alinieleza kwamba konda alimtaka alipe nauli ya watu watatu: yake, ya mtoto, na ya kiti. Alipokataa, gari likaondoka. Akasubiri la pili, la tatu. La nne likamchukua, mtoto alifika mazoezini wenzake wanakunywa maji wamemaliza. Unaweza kuwa na uwanja mzuri wenye njia ya mteremko na vyoo vipana, lakini kama mtoto hawezi kutoka Kiboriloni kufika hapo, umewajengea wengine. Kabla hatujaomba vifaa, tuulize kila mtoto anafikaje na anarudije. Mara nyingi fedha inayohitajika kwanza ni ya bajaji.

Kwa kuwa nimetaja viwanja: jirani zetu Arusha wanajengewa uwanja wa AFCON 2027, watazamaji 30,000. Njia ya kiti mwendo itakuwepo, naamini. Lakini wenye nafasi ya kuuliza waulize jambo la pili: huyo mtu wa kiti atakaa na rafiki zake, au atatengwa peke yake kwenye kona? Na watu wa mbele yake wakisimama goli linapofungwa, ataona goli au ataona migongo?

Sasa usalama, maana najua kuna walimu wanasema kimoyomoyo, "Akiumia nitashitakiwa mimi." Hofu hiyo ni ya haki, siidharau. Ila ukishajua la kuogopa, huna sababu ya kuogopa kila kitu. Mtoto mwenye ualbino, jua ndilo la kuogopa. Kipindi chake kiwe asubuhi mapema au baada ya saa kumi, avae kofia pana na mikono mirefu, na apakwe losheni ya kukinga jua. Ipo inayotengenezwa hapahapa Moshi kwa ajili yao, inaitwa Kilisun. Wengi wao pia wanaona kwa shida, kwa hiyo mpira uwe wa rangi inayoonekana. Mtoto mwenye hali ya Down (Down syndrome), ile ya kuzaliwa nayo inayochelewesha kujifunza, usimpindue sarakasi wala kumgonganisha kichwa mpaka daktari aseme shingo yake iko imara. Mtoto aliyewekewa mrija kichwani kwa ajili ya kichwa kikubwa, uliza kliniki yake kuhusu kupiga mpira kwa kichwa. Mwenye kifafa acheze, ila kwenye maji asiachwe peke yake hata kidogo. Aliyepooza miguu hahisi akichubuka, mkague baada ya mchezo, na siku ya joto kali mpe maji na kivuli, maana wengine miili yao haitoi jasho ipasavyo.

Hayo yote mzazi wake anayajua kuliko wewe. Muulize. Swali lenyewe ni jepesi: "Mama fulani, mwanao anaweza nini, na tumwangalie wapi?" Lakini sisi tunaloliuliza siku zote ni ana ugonjwa gani.

Wazazi na ninyi, kuna jambo lenu. Nawaelewa. Umemlea mtoto huyo kama yai, umekesha naye hospitali, halafu mwalimu anakuja kukwambia atagaagaa kwenye nyasi na wenzake. Kuna mama alimleta binti yake kwetu, haoni tangu kuzaliwa. Alinikabidhi kwa masharti saba, nilihesabu, na la kwanza lilikuwa asianguke. Nikakubali yote kwa mdomo. Wiki ya tatu binti akaanguka. Alikuwa anaukimbilia mpira wa njuga, akajikwaa kwenye kamba yangu mwenyewe ya mkonge, goti likachubuka, damu. Tukamwosha, tukamfunga kitambaa, akarudi uwanjani. Mimi usiku kucha naandika moyoni maelezo ya kumpa mwalimu mkuu.

Kesho yake asubuhi mama alikuwa getini kabla yangu. Nikaanza kuomba radhi tangu mbali. Akanikatiza. Akaniambia ana watoto wanne, watatu wote magoti yao yana makovu: la baiskeli, la mwembe, la mtaroni. Jana usiku huyu wa mwisho alikaa kitandani na dada zake, wanapapasana magoti mmoja baada ya mwingine, kila mmoja anasimulia kovu lake lilivyopatikana. Na yeye akasimulia la kwake. Mama alikuwa amesimama mlangoni anawasikiliza.

Halafu akaniuliza leo mazoezi yanaanza saa ngapi, maana binti amekataa kupakwa dawa ya kidonda, anasema itachelewesha kovu.

Muda wangu umeisha, mkalimani ameshanipungia mara tatu. Nimesema mengi tumekaa, na hotuba ya michezo ya kukaa haijakamilika. Nyuma ya ukumbi huu kuna nyasi. Nimetandika mikeka sita, kamba za mkonge zipo, mipira mitatu ipo, mmoja unapepesuka. Vitambaa vya macho viko kwenye kikapu pale mlangoni. Mheshimiwa mgeni rasmi, na wewe chako kimo, naomba uvue koti, kuna kijana amejitolea kulishika, ila leo nimemwambia alitundike kwenye mti aje kucheza. Watakaotazama wasimame nyuma ya kamba. Na simu tafadhali zimeni zote, kwa sababu tukianza, tutakuwa tunasikiliza mpira.